Mlango wa Bi Mwanaisha

Jumatatu, 10 Februari 2025

Nimefika Korogwe. Vumbi la Handeni bado liko kwenye kola ya shati.

Shingoni naning'iniza kitambulisho: "Sabiri, Mshauri — Urejeshaji wa Jamii na Utayari wa Maafa". Maneno marefu kuliko kifua changu. Tatu, binti yangu, alicheka jana kule nyumbani Chogo akinifungia begi. Baba, miaka sabini na mbili, ndiyo kwanza unapata kazi ya kuvaa shingoni! Nikamwambia kazi hii nimeisomea. Chuo gani? Mto Juba kule Somalia, nikamwambia, halafu kambi ya wakimbizi ya Mkuyu, halafu foleni ya unga wa msaada — na huko kote sikukosa darasa hata siku moja.

Bosi wangu ni Yuditha. Umri wa mjukuu wangu mkubwa, mzaliwa wa Vugiri huko milimani, mwenye kampuni ndogo ya ushauri: yeye, kompyuta yake, na sasa mimi. Anasema "wadau" mara nyingi mno. Lakini akiuliza swali anangoja jibu, jambo ambalo sikuliona kwa wengi waliokuja kambini na kalamu.

Kazi yetu ni kitongoji cha Mabondeni, hapa Kwamndolwa. Masika ya mwaka jana mto uliingia majumbani. Nyumba zimesimama tena, mpunga umepandwa tena. Kilichobaki ni makubaliano: maji yakirudi, watu waende wapi, na wajue vipi kwamba saa imefika. Tumalize kabla ya masika.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mdoe, amenipa chumba kwake. Godoro zuri. Jogoo mbaya.

Alhamisi, 13 Februari

Tumezunguka kitongoji kizima, mimi, Yuditha na Mdoe. Kila ukuta una mstari wa kahawia, usawa wa kifua changu. Wengine wamepaka chokaa juu yake. Mstari umetokeza tena.

Nyumba ya mwisho, iliyo karibu na mto kuliko zote, ni ya Bi Mwanaisha. Mjane. Wa rika langu, ingawa amesema nisimzeeshe. Nilimwamkia kwa Kizigua. Akakitazama kitambulisho. Kisha akacheka mpaka akashika magoti. Kumbe Kizigua changu — kile ambacho mababu zetu walikwenda nacho Juba na sisi tukarudi nacho — ni cha zamani mno. "Maneno haya nilimzika nayo bibi yangu," amesema, "leo yamefufuka na kitambulisho!"

Halafu akatusomea kesi yake. Mwaka jana vijana waling'oa mlango wake, wakamlaza juu yake, wakamvusha. Walipofika pakavu wakamshusha yeye, mlango wakauachia majini, ukaenda zake. Mpaka leo hawajamrudishia.

"Bibi, tulikuokoa wewe!" Mdoe alilalamika. Kumbe naye alikuwa mmoja wa wabebaji.

"Mimi sikupotea. Uliopotea ni mlango."

Sasa ana mlango mpya wa mninga, zawadi ya Sadru, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Anaufuta vumbi kwa upande wa khanga akiongea, kama mtu anayempangusa mtoto kamasi. Yuditha alimwuliza maji yakija atakwenda wapi. Ndani, akajibu. Kisha nitafunga mlango.

Jumamosi, 15 Februari

Mkutano wa kuchagua mlio wa hatari. Sijacheka hivi tangu harusi ya Tatu.

Ringi la lori lililotundikwa shuleni? Watoto watadhani ni mapumziko. Kipaza sauti cha msikiti? Umeme wetu hukatika mawingu yakipiga chafya. Simu? Nusu ya simu za Mabondeni ziko chaji kwa jirani. Sadru alikuja mwenyewe na king'ora cha betri, akakibonyeza kwa fahari. Watoto wakatoka mbio na vikombe mikononi — mlio ni ule ule wa baiskeli ya muuza barafu. Sadru alikirudisha mfukoni kimyakimya.

Ndipo Mdoe akasema: jamani, si tuna ukunga?

Yuditha akaacha kuandika. "Ukunga? Mambo ya kuzalisha?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Si huo, mwanangu. Ukunga ni ile sauti kali ya kuomba msaada, kiganja kikigongagonga mdomo, inayovuka mashamba na mto. Na hakuna anayeupiga kama Bi Mwanaisha. Mara ya mwisho ilikuwa kwa ajili ya chatu kwenye banda la mbuzi; walisikia mpaka stesheni. Basi, imepita. Yeye ndiye anayeuona mto kwanza, na yeye ndiye mwenye koo.

Nimeandika tangazo kwa mkono wangu, herufi kubwa: UKISIKIA UKUNGA, ACHA KILA KITU, KIMBIA! Fupi, wazi, hakuna "wadau". Yuditha amelisifu. Nalala na furaha ya mwandishi.

Jumatano, 19 Februari

Siku ya zoezi. Ee Mola!

Pa kukimbilia ni kilimani, kwenye sakafu ya zege ya ghala la mkonge la zamani. Mimi na Yuditha tulipanda mapema. Tulikuwa na turubai, kreti za soda, na karatasi ya kuandika waliofika. Kila kitu tayari. Bi Mwanaisha alikuwa chini, kwake.

Akapiga. Nywele zilinisimama. Ni sauti inayoingilia mgongoni.

Tukaona watu wakitoka majumbani, mashambani, msikitini. Wote. Mbio kweli kweli. Yuditha alinishika mkono: mzee, inafanya kazi!

Kisha wote wakageuka, wakateremka mtoni.

Hakuna aliyepanda. Mbuzi mmoja tu alikuja, akala kona ya karatasi. Tuliteremka nyuma yao tukihema. Mbele ya nyumba ya Bi Mwanaisha palikuwa na kijiji kizima: mapanga, majembe, mwanamke na mchi wake, kijana aliyenyolewa upande mmoja wa kichwa na kinyozi wake bado ameshika mashine. Sadru, aliyekuja kutazama tu, alikuwa mstari wa mbele na futi kamba.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwizi!"

"Hakuna mwizi. Ni maji."

"Maji yako wapi?"

"Hakuna maji. Ni zoezi."

"Sasa ukunga wa nini?"

Bi Mwanaisha alisimama mlangoni kwake, ameridhika kabisa, anawakaribisha wote. Kama yangekuwa maji ya kweli, tungekuwa tumewakusanya wote mahali pamoja — pale pale yanapoanzia kumeza.

Soda zilinywewa chini. Yuditha alicheka pamoja nao, halafu nikamwona ameketi peke yake kwenye tuta la mpunga, kidevu magotini. Masika hayo yanakuja, amesema. Na sisi tumewafundisha kukimbilia mtoni.

Ijumaa, 21 Februari

Nimelifikiria tangazo langu siku mbili. Walilitii neno kwa neno. Nilisema wakimbie. Wakakimbia. Sikuandika wapi, kwa sababu kwangu mimi halikuwa swali.

Na hapo ndipo nilipojikwaa. Kule Juba, utotoni, nasi tulikuwa hivi hivi: ukisikia ukunga unakwenda ulipo, hata ukiwa na tonge mdomoni. Ikaja vita. Waliokwenda ulipo hawakurudi. Tukajifunza kwa msimu mmoja tu — ukunga ukitoka mashariki, wewe shika magharibi. Miaka thelathini na zaidi nimedhani hiyo ndiyo maana yake. Nimesahau kwamba ni maana tuliyolazimishwa.

Na hapa wapo watu ambao miguu yao bado inaelekea kwa mwenye shida. Wote! Hata kinyozi! Nimeona raha ya ajabu, nikiwa nimeshindwa kazi.

Jioni, chai kwa Mdoe. Yuditha alipendekeza tuwafundishe upya: ukunga sasa ni kukimbia mbali nao. Mdoe akaweka kikombe chini.

"Binti yangu, mtu apige ukunga, mimi Mdoe nikimbie kinyume? Wataniimba mpaka kaburini."

"Sasa tufanyeje, mwenyekiti?"

"Labda mumbebe huyo bibi mumpandishe kilimani, apigie huko!" Alisema kwa kejeli, akachukua kikombe tena.

Mimi na Yuditha tulitazamana. Mdoe akatutazama sisi. "Nilikuwa natania," akasema. Hatukumsikiliza. Yuditha alikuwa keshafungua kompyuta. Mvua kubwa ikianza milimani, ndugu zake wa Vugiri watapiga simu kwa Mdoe; maji huchukua muda kutufikia. Bi Mwanaisha apande. Apige akiwa juu. Watu watakimbilia ulipo, kama siku zote.

Ni jambo jepesi mno. Kasoro moja tu: hatujamwuliza Bi Mwanaisha.

Jumanne, 25 Februari

Amekataa.

Tulikwenda wote watatu, na kilo moja ya sukari. Alitusikiliza vizuri. Akasema hapandi. Nyumba amwachie nani? Yuditha akamwambia, bibi, ni kwa muda mfupi tu. Bi Mwanaisha akatikisa kichwa. Hao waliohamishwa kupisha barabara waliambiwa watarudi lini? Hao wa bondeni kule chini, waliohamishwa pia, waliambiwa nini? Mkinipandisha, kunishusha ni shughuli nyingine.

Nikajaribu mimi, kwa Kizigua cha bibi yake. Hakucheka safari hii. Alinitazama machoni.

"Mzee wa Chogo. Wewe ulipoambiwa utoke kidogo, ulirudi?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia sikurudi.

"Basi," akasema. Akatuandalia chai kwa sukari yetu wenyewe.

Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani imeingia. Mawingu pia, ila bado hayajaamua.

Tumejaribu makoo mengine kutoka kilimani. Mdoe alipiga: watu wakadhani anaita ng'ombe. Mke wake akapiga: wakatoka wanne, wakamwuliza amegombana na nani. Yuditha alipiga kwa moyo wote, na watoto bado wanamwigiza njiani. Yeye mwenyewe anawapa alama: huyu kapata C, huyu arudie mtihani. Nampenda huyu binti.

Lakini jioni, baada ya futari, hakutania. Koo ni lile moja tu, mzee, na haliko tayari kupanda. Na kama halipandi, si yeye peke yake atakayebaki chini. Atapiga akiwa kwake maji yakimfika, na wote watamfuata huko huko.

Hilo ndilo. Mimi pia nimeipiga hesabu hiyo. Wataufuata ukunga wake mpaka majini, na wa kwanza atakuwa Mdoe, panga mkononi.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Bi Mwanaisha peke yangu. Bila sukari.

Alikuwa anachambua mchele mlangoni. Nikakaa kwenye kinu kilicholala. Nilimwambia, Bi Mwanaisha, uliniuliza kama nilirudi, hukuniuliza nilitokaje. Akasema, haya, ulitokaje? Nikamweleza. Nilifunga nyumba vizuri, nikatia ufunguo mfukoni. Nilivuka nao mpaka, nikafika nao Mkuyu, bado ninao kwenye kopo la vifungo kule Chogo. Ufunguo mzuri wa chuma. Hauna kazi yoyote duniani.

"Sasa?"

"Sasa nimefikiri sana. Mimi nilitoka na ufunguo. Ningetoka na mlango."

Alisimamisha ungo.

Nikamalizia haraka kabla sijaona haya. Mlango wake ung'olewe, upande pamoja naye. Vijana wawili waubebe, kazi yao ni hiyo tu. Kule juu ausimamie, asikanyage zege baridi. Maji yakipungua, walioupandisha ndio wataushusha, na yeye yu nyuma yake. Mlango ukishuka, Bi Mwanaisha ameshuka. Nani atamwambia abaki kilimani, na mlango wake uko njiani unarudi nyumbani?

"Mzee, wewe una wazimu."

"Labda."

Akarudia mchele. Akachambua sana, nadhani alitupa na mchele mzima. Kisha, bila kuniangalia: "Bawaba unajua kufungua?"

Nimepiga simu dukani kwa Sadru papo hapo. Anazo bawaba za kuchomoa: unavuta kipini, mlango unatoka. Akauliza nani anataka kuiba mlango aliompa Bi Mwanaisha. Mwenyewe, nikamwambia.

Jumamosi, 5 Aprili

Zoezi la pili. Niandike polepole, nisiharibu.

Asubuhi Mdoe na mdogo wake Hussein walivuta vipini, wakaubeba mlango kichwani. Bi Mwanaisha nyuma yao, khanga mpya ya Idi, anawaelekeza njia ambayo wameipita tangu wazaliwe. Angalieni kona! Msinichubulie rangi! Mdoe alisema mwaka jana bibi alikuwa mzito, lakini alikuwa kimya. Akajibiwa kwamba mwaka jana alikuwa anaaga dunia, mwaka huu ana kazi.

Akasimama juu ya mlango, katikati ya sakafu ya zege. Akapiga.

Wakaja. Wote wakapanda, Mabondeni nzima, mbio, na mapanga na majembe yao, na yule wa mchi. Walipofika juu mmoja akapaza sauti: "Yuko wapi mwizi?" Kicheko kikateremka mpaka mtoni. Yuditha aliandika majina na machozi yanamtoka, na safari hii si ya tuta la mpunga.

Kisha Bi Mwanaisha akafanya jambo ambalo hatukulipanga. Alianza kuita majina. Kwa sauti ile ile ya ukunga, nyumba baada ya nyumba, kuanzia ya chini kabisa: kila jina likiitikiwa, anakwenda kwenye linalofuata. Ikram! Salimu! Hussein! Mdoe na mkewe! Ndivyo alivyokuwa akifanya mama yake, amesema, ili ajulikane aliyebaki. Hakuna orodha yetu yoyote iliyokuwa na haraka hiyo.

Alimwita hata Sadru, aliyekuwa anapita tu. Langu hakuliita. Ni haki. Mimi si wa Mabondeni, ni mgeni wa godoro la Mdoe. Nimezoea majina kuitwa na langu kuwa kwenye karatasi nyingine. Naliandika kwa sababu nimejiahidi kuandika kila kitu.

Mlango umeteremka adhuhuri. Bi Mwanaisha nyuma yake. Umerudi kwenye fremu yake kama ulimi kinywani.

Yuditha amesema mkataba umekwisha, naweza kwenda kupumzika Chogo. Nimemwambia ningependa kuona mvua ikianza. Mvua tu, mzee? Mvua tu. Yeye na Mdoe wakaanza kukohoa wote wawili kwa pamoja. Watu wazima!

Alhamisi, 10 Aprili

Asubuhi.

Mvua tangu juzi. Leo alfajiri Yuditha kapiga simu kutoka Vugiri, alikokwenda kumwona mama yake: huko mito midogo imekuwa rangi ya chai ya maziwa na inabingirisha mawe. Ndugu zake hawajalala. Anzeni, amesema. Sauti yake ilitulia kabisa. Ningejivunia binti kama huyo.

Mdoe na Hussein wamekwenda kuuchukua mlango. Mimi nimebaki kufunga vitu vya nyumba ya Mdoe. Mkewe keshapanda na watoto na magodoro. Hata yule jogoo amefungwa miguu, kwa mara ya kwanza hana la kusema.

Baadaye kidogo.

Hussein amerudi mbio kuchukua nyundo. Mlango umevimba kwa mvua! Vipini havitoki. Mninga umekunywa maji siku mbili, umekaba kwenye fremu. Hilo hatukulifikiria, sote na kompyuta yetu. Zoezi tulilifanya jua linawaka!

Bibi anasemaje? Anasema hatoki bila mlango. Amekaa kizingitini, mgongo umeegemea mbao. Mdoe anamsihi. Mto umeshafika kwenye migomba.

Nilitaka kwenda naye. Hussein kanikataza: mzee, wewe magoti yako ni mlango wa pili wa kubeba! Ametoka na nyundo na msumeno. Nimempa ujumbe wa kumpelekea Bi Mwanaisha, kwa Kizigua, auseme hivyo hivyo kama nilivyousema. Ameurudia vibaya mara mbili, kisha sawa. Sitauandika hapa.

Nangoja. Naandika ili mikono iwe na kazi. Majirani wamesimama mabarazani na mapanga na majembe, wanatega masikio. Hakuna anayesogea. Wanangoja ukunga wajue uliko.

Ukitoka chini, watateremka. Wote. Nami nadhani nitateremka.

Bado.

Mvua kwenye bati, husikii hata —

Huo!

Kimya, kimya, ngoja. Upepo unauzungusha. Jirani ananiuliza juu au chini? Sijui. Ngoja.

Juu.

Wallahi, ni juu! Wanakimbia, wote, wanapita mbele ya dirisha langu kuelekea kilimani, yule wa mchi anaongoza. Amepanda. Na mlango au bila mlango, sijui. Sasa ameanza majina. Anaanzia chini, kama siku ile. Ikram. Salimu. Hussein — Hussein ameitikia! Mdoe na mkewe. Sadru! Sadru yuko dukani mjini, bibi we! Nafunga daftari kwenye nailoni, kalamu mfuko wa shati, fimbo iko

Sabiri.

Ameita Sabiri. Anaita tena, na haendi kwenye jina linalofuata, anangoja niitikie